Saratani haienei kama maji: hubanduka, husafiri, hulowea

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hunitatiza kila ninaposikiliza vipindi vya afya redioni. Neno lenyewe ni 'kuenea'. Daktari husema saratani ya matiti imeenea hadi kwenye mifupa. Mtangazaji naye husema saratani inaenea nchini, akimaanisha kwamba idadi ya wagonjwa imepanda. Kisha matangani utamsikia mtu akinong'ona: "Si alikuwa akitembea vizuri tu? Walipompasua ndipo ikaenea." Maana tatu tofauti, neno lilo hilo.

Tatizo hapa si la sarufi. 'Enea' ni kitenzi cha vitu visivyojituma. Maji huenea sakafuni, harufu huenea jikoni, kipindupindu huenea mtaani. Msikilizaji akiambiwa saratani imeenea, aghalabu hupata picha mbili na zote mbili si za kweli. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa huu unaambukiza, ndiyo maana wapo wanaomtengea mgonjwa kikombe na sahani zake. Ya pili ni kwamba saratani ni kama usaha ndani ya jipu: hukaa kimya hadi mtu atie kisu, kisha humwagika mwilini. Picha hii ya pili ina madhara makubwa zaidi. Mama anapata uvimbe titini, anaambiwa kipande kidogo kikatwe kikachunguzwe maabarani, anakataa, na anarudi hospitalini baada ya mwaka mzima ngozi ikiwa imeshapasuka.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 42,000, na watu zaidi ya 27,000 walifariki kutokana na saratani. Kwa saratani nyingi za viungo kama titi, utumbo au tezi dume, kinachomuua mgonjwa si ule uvimbe wa kwanza. Humuua zile seli zilizotoka pale na kuanzisha makao kwingine. Basi inafaa tujue zinatokaje. Jibu la sayansi ni kwamba hazimwagiki. Seli ya saratani inayohama hubadilika kwanza, na mabadiliko hayo huamrishwa na kundi la protini ambazo kazi yake ni kuamua jeni gani isomwe na gani ifungwe.

Tuanzie hapo. Karibu kila seli ya mwili wako ina kitabu kizima cha urithi, yaani DNA, chenye herufi zipatazo bilioni tatu na jeni takriban 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya ini ina kitabu kilekile kilichomo katika seli ya jicho. Tofauti ni kurasa zinazosomwa. Anayeamua kurasa ni protini ambazo hushika DNA mahali maalumu na kusema: soma hapa, pale usisome. Binadamu ana aina kama 1,600 za protini hizo.

Tuziiteje? Nimewahi kuona 'protini dhibiti', istilahi ambayo siipendi sana. Kudhibiti kwa Kiswahili cha kawaida ni kuzuia kitu kisipite kiasi: polisi hudhibiti umati, serikali hudhibiti bei. Protini hizi hazizuii tu, huamsha pia. Mimi nitatumia 'protini simamizi', na mara kwa mara nitaziita wanyapara. Mnyapara hachimbi mtaro. Hutembea na daftari, akamwambia huyu aanze na yule akae chini. Ukibadilisha wachimbaji kumi, mtaro utachimbwa vilevile. Ukimbadilisha mnyapara mmoja, unaweza kukuta nyumba imejengwa barabarani.

Na mfano mmoja bora kabisa wa mnyapara aliyeharibika ulipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe wa taya, uvimbe wa ajabu uliotokea pande zote za uso. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia ndani ya gari wakafunga safari ya maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali kutoka Uganda kuelekea kusini, wakiuliza: mmeuona huu? Ramani iliyotokana na safari ile ilionyesha kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua, yaani ulifuata malaria. Sehemu za kandokando ya Ziwa Victoria, pamoja na pwani yetu, zilikuwa ndani ya ramani. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwamo.

Mwaka 1964, vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London viliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kuona kirusi ambacho leo kina majina ya wawili kati yao. Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa bingwa wa hadubini ya elektroni, jina lake liliachwa nje. Hayo ndiyo mambo ya majina.

Lakini kirusi hicho kimo ndani ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, nao hawana uvimbe wa taya. Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka 1982 likafahamika. Katika seli za uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 huwa kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Kwenye kipande hicho kuna jeni ya protini simamizi iitwayo MYC, jina lililotokana na kirusi cha ugonjwa wa kuku. Kazi ya MYC ni kuiamrisha seli ikue na kugawanyika. Kwa kawaida mnyapara huyu huitwa, hupiga kelele kidogo, kisha hurudishwa nyumbani. Kule kwenye kromosomu ya 14, hata hivyo, amewekwa jirani na jeni za kutengenezea kingamwili. Katika seli nyeupe za damu za aina hiyo, jeni za kingamwili hazizimwi. Taa yake huwaka usiku na mchana, naye MYC amehamishiwa chumba chenye taa hiyo. Hakuna aliyebadilisha maneno yake. Amebadilishiwa mahali pa kusimama tu, akawa hanyamazi. Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili, na ni vigumu kutaja uvimbe wa binadamu unaoushinda kwa kasi. Bahati ni kwamba kasi hiyohiyo huufanya uitikie dawa vizuri. Watoto wengi hupona wakitibiwa mapema.

MYC hutufundisha jambo la kwanza: protini simamizi moja, bila kuharibika yenyewe, inaweza kuigeuza tabia ya seli nzima. Kuna upande wa pili, wa mnyapara anayeondolewa kazini. Huyo ni p53, protini iliyogunduliwa mwaka 1979. DNA ikipata jeraha, p53 huisimamisha seli isigawanyike, ama huiamuru ijiue. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu jeni ya p53 imeharibika. Sisi tuna jeni moja ya namna hiyo katika kila seti ya kromosomu. Ndovu, kama ilivyoelezwa na watafiti mwaka 2015, ana nakala zipatazo 20, na ndovu hufa kwa saratani mara chache kuliko ambavyo mtu angetarajia kwa mnyama mwenye seli nyingi kiasi kile. Wale wanaokwenda Amboseli kupiga picha za pembe wana sababu nyingine ya kumwangalia mnyama huyo kwa heshima.

Hadi hapa tuna seli inayozaana ovyo na isiyokubali kufa. Bado haijaenda popote. Uvimbe wa aina hiyo ukikaa ulipozaliwa, mpasuaji hodari anaweza kuuondoa na hadithi ikaisha. Kwa nini basi seli ihame?

Saratani nyingi za watu wazima huanzia katika seli zinazotanda juu ya viungo au ndani yake: ngozi, ukuta wa utumbo, mifereji ya maziwa, umio. Nitaziita seli za ukuta. Seli za ukuta hazitembei. Zimepangwa kama matofali, zimeshikana bega kwa bega, na mojawapo ya vishikizo vyake vikuu ni protini iitwayo E-cadherin. Protini hii hutokeza nje ya seli, ikashikana na mwenzake wa seli jirani, na haishiki bila madini ya kalsiamu. Nguvu yake ilidhihirika vizuri mwaka 1998, watafiti wa New Zealand walipochunguza ukoo mmoja wa Wamaori ambao kizazi baada ya kizazi vijana wake walifariki kwa saratani ya tumbo. Waligundua kwamba wanaukoo hao walirithi jeni mbovu ya E-cadherin. Baada ya hapo wengi walipimwa, na waliokutwa na jeni hiyo wakapewa nafasi ya kuondolewa tumbo kabla ya ugonjwa kuanza.

Katika wagonjwa wengi, hata hivyo, jeni ya E-cadherin ni nzima kabisa. Imenyamazishwa tu. Hapa ndipo tunapokutana na wanyapara wa safari: Snail, Slug, Twist na ZEB. Snail ni konokono, Slug ni konokono asiye na koa, Twist ni kusokota. Snail na Twist zilianza kujulikana kutokana na nzi mdogo wa matunda, katika uchunguzi mkubwa wa viinitete uliofanywa na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus huko Heidelberg, Ujerumani, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1995. Hakuna aliyekuwa akiwaza saratani. Walitaka kujua tu nzi anavyopata umbo. Waliona kwamba jeni hizo zikikosekana, kiinitete hushindwa kuingiza ndani seli ambazo zingekuwa misuli.

Yaani kazi halali ya Snail na Twist ni kuzifungua seli za ukuta ili zisafiri, nayo hufanyika katika kila mmoja wetu. Kiinitete cha binadamu kikiwa na wiki kama tatu, baadhi ya seli zake hulegeza vishikizo, hujipenyeza katikati na kuanzisha tabaka jipya. Siku chache baadaye kundi jingine hutoka mgongoni na kusafiri mwendo mrefu, likaenda kujenga mifupa ya uso na seli zinazotia ngozi rangi. Safari ikiisha, wanyapara hao hupumzishwa. Huitwa tena mtu akijikata kisu, kwa sababu seli za ngozi pembezoni mwa kidonda hulazimika kusogea ili kukifunika.

Seli ya saratani huwaita wanyapara hawa wakati usio wao. Mwaka 2000 vikundi viwili vya watafiti wa Uhispania vilionyesha kwamba Snail hushika moja kwa moja sehemu ya DNA iliyo mlangoni mwa jeni ya E-cadherin na kuifunga. Sehemu inayotafutwa ni neno fupi la herufi sita tu za DNA. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataelewa jambo hili haraka. Chukua kitenzi 'bandika'. Kiweke katika kauli ya kutendua, upate 'bandua'. Mzizi haujaguswa, kiambishi kidogo kimepachikwa, na maana imegeuka kuwa kinyume chake. Funga, fungua. Ziba, zibua. Snail ni kiambishi cha kutendua. Jeni ya kishikizo ipo, haina kosa hata herufi moja, lakini tamko lake limependuliwa.

Kishikizo kikiondoka, mengine hufuata. Seli iliyokuwa ya mraba hurefuka. Mifupa yake ya ndani hupangwa upya ili iweze kutambaa. Huanza kutoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando ulioizuia. Pia huwa sugu zaidi kwa dawa, jambo ambalo madaktari wanalilalamikia sana. Mwaka 2004 Jing Yang, akiwa katika maabara ya Robert Weinberg nchini Marekani, alichukua seli za saratani ya matiti ya panya zenye tabia ya kuhamia mapafuni, akaipunguza Twist ndani yake. Uvimbe wa kwanza uliendelea kukua kama kawaida. Zilizofika mapafuni zilipungua sana. Jaribio hilo lilitenganisha mambo mawili ambayo neno 'kuenea' huyachanganya: kukua na kuhama si kitu kimoja, na wasimamizi wake si walewale.

Nani humwita mnyapara? Wakati mwingine ni seli za jirani zinazotoa ujumbe, kama zinavyofanya palipo na kidonda. Wakati mwingine ni njaa ya oksijeni. Uvimbe ukikua haraka kuliko mishipa yake ya damu, seli za katikati hukosa hewa. Seli yenye hewa ya kutosha hutengeneza protini simamizi iitwayo HIF na kuivunja baada ya dakika chache. Hewa ikipungua, HIF haivunjwi, hujikusanya na kuingia katika kiini kuamsha jeni nyingi. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipata Nobel mwaka 2019 kwa kufafanua utaratibu huo. Wakimbiaji kutoka nchi za tambarare wanaokuja kupiga kambi Iten hufaidika na HIF bila kuijua, maana ndiyo huamsha homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu katika hewa nyembamba. Ndani ya uvimbe, HIF hiyohiyo huita mishipa mipya ya damu na kuamsha Twist. Kitu kimoja, matumizi mawili.

Sasa seli imebanduka. Huingia katika mshipa wa damu au wa limfu. Nyingi hufia njiani. Kusukumwasukumwa na damu si mchezo, na askari wa kinga wamejaa. Zile zinazosafiri kwa vikundi vidogo vilivyoshikana hufaulu zaidi kuliko zinazosafiri peke yake. Kisha hufika mahali, na si mahali popote. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ini na mifupa fulani viliathiriwa mara nyingi, ilhali wengu, unaopokea damu nyingi vilevile, uliathiriwa mara chache. Akasema mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota tu penye udongo unaoifaa. Zaidi ya karne moja imepita na bado hatujapata picha inayomshinda Paget. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliongeza jambo kwenye picha hiyo: katika panya, uvimbe hutuma ujumbe ambao huandaa mahali pa kufikia kabla seli ya kwanza ya saratani haijatua.

Kiswahili kina neno kamili kwa hali hii, nalo ni kulowea. Kulowea ni kuhamia pahali pa wengine na kupafanya pako. Mkenya hahitaji kamusi hapa kwa sababu anawajua walowezi. Hawakumwagika kama maji juu ya nyanda za juu. Walichagua udongo, reli ilikuwa imeshatandazwa, na sheria za ardhi ziliandaliwa ili wafikie penye nafasi. Istilahi ya kitabibu ya jambo hili ina asili ya Kigiriki na maana yake ni kubadili mahali. Sioni kwa nini tusiseme 'ulowezi wa saratani', na uvimbe uliozaliwa huko uitwe 'uvimbe mlowezi'. Tukisema hivyo tutaondoa pia mkanganyiko mmoja wa kila siku. Saratani ya matiti iliyolowea kwenye ini haijawa saratani ya ini. Bado ni seli za titi, zinazoishi ugenini, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya matiti. Mlowezi hakugeuka mwenyeji kwa kukaa Naivasha.

Kuna kioja kingine. Seli iliyobaki katika hali ya safari haizai vizuri. Ili ijenge uvimbe mpya, mara nyingi hulazimika kuwapumzisha Snail na Twist na kurudisha E-cadherin, yaani kujibandika upya. Ndiyo maana uvimbe mlowezi ukitazamwa chini ya hadubini huonekana mara nyingi kama ule wa kwanza, na kwa muda mrefu wanapatholojia waliuliza kwa haki: mnatuambia seli hubadilika, mbona sisi hatuoni mabadiliko? Mjadala huo haujafungwa. Mwaka 2015 tafiti mbili za panya zilidai kwamba seli zinaweza kulowea hata bila mpito huu kamili, na kwamba mchango mkubwa wa wanyapara hawa ni kuzifanya seli kuwa sugu kwa dawa. Wengine wakajibu kwamba mpito si wa ndiyo au hapana. Seli nyingi husimama katikati, nusu ukuta, nusu safari. Mimi naona hoja hiyo ya katikati ina uzito, hasa ukikumbuka zile seli zinazosafiri kwa vikundi, maana haziwezi kuwa zimebanduka kabisa.

Turudi kwa kile kisu cha matangani. Ukielewa yaliyotangulia utaona kwa nini sindano ya kuchukua sampuli si tundu la kumwagia saratani. Seli iliyosukumwa nje kwa bahati mbaya bado inahitaji kuhimili safari, kupata udongo na kuanza kujenga. Hutokea, lakini ni nadra sana, na kwa viungo vichache ambako hatari yake ni kubwa kidogo, kama ini na korodani, madaktari wana taratibu zao za kujihadhari. Kwa nini basi watu huapa kwamba wameona? Kwa sababu wengi wetu tunafika hospitalini tumechelewa. Ulowezi ulikuwa umeshafanyika miezi kadhaa nyuma, mpasuaji akafungua akaukuta, akafunga, na mgonjwa akafariki wiki chache baadaye. Kisu kilikuwa shahidi. Jamaa wakakifanya mshtakiwa.

Na kile kipande cha nyama ambacho mama yule alikataa kukatwa kina habari ambayo haipatikani kwingine. Katika saratani ya matiti, swali mojawapo la kwanza maabarani ni kama seli zina kipokezi cha homoni ya estrojeni. Kipokezi hicho, kilichogunduliwa na Elwood Jensen huko Chicago mwaka 1958, ni protini simamizi kama nyingine tulizozitaja. Homoni ikiingia na kukikalia, hushika DNA na kuamrisha seli izaane. Saratani nyingi za matiti, kama mbili kati ya tatu au zaidi, humtegemea mnyapara huyu. Naye ana udhaifu ambao Snail na Twist hawana. Wanyapara wengi hawana mahali pa dawa kushika, ni kama ukuta laini usio na mwanya, na hiyo ndiyo sababu hadi leo ni vigumu kutengeneza kidonge cha kumnyamazisha MYC. Kipokezi cha estrojeni kina shimo, kwa kuwa kiliumbwa kipokee homoni. Tamoksifeni hukaa katika shimo hilo na kumwacha mnyapara akiwa ameshika daftari lakini hawezi kuwaita wafanyakazi.

Dawa yenyewe ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 kwa lengo la kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo. Leo ni kidonge cha kumezwa kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Miaka yote hiyo ina sababu. Seli zilizolowea zinaweza kulala ndani ya mfupa bila kuzaana kwa muongo mzima, zisionekane kwenye picha yoyote, kisha zikaamka. Mgonjwa aliyeacha kidonge mwaka wa pili kwa sababu anajisikia mzima, na wapo wengi, amemwachia mnyapara daftari lake.

Kwa hivyo msomaji, wewe au dada yako mkipewa karatasi ya majibu kutoka maabara ya patholojia, tafuteni mstari unaotaja kipokezi cha estrojeni. Kwa kawaida umeandikwa kwa herufi mbili tu, ER, na mbele yake kuna alama ya kujumlisha au ya kutoa. Kama hakuna mstari huo, muulize daktari kwa nini kipimo hakikufanywa.